Kutoka Kanda Hadi Kadi: Sauti za Kwaya Yetu kwa Miaka 50

Kurasa nyingine za kijitabu hiki zina picha, majina ya viongozi na ratiba ya siku. Kurasa hizi ni za sauti. Sare huchakaa na viongozi hubadilika, lakini mtu akiuliza kwaya hii ilikuwaje miaka 30 iliyopita, jibu la kweli ni kumpa asikie. Ndiyo maana kamati ya jubilei ilipotuomba tuandike historia, tuliona tuandike habari za kanda: zilivyofika huku Garsen, zilivyotufundisha kuimba, zinavyokufa sasa ndani ya masanduku yetu, na kazi tuliyoianza ya kuzihamishia kwenye kompyuta na memori kadi kabla hazijanyamaza kabisa.

Uimbaji wa kanisa huku kwenye delta ni mkongwe kuliko kinasa sauti chochote kilichowahi kuvuka mto. Wamishonari wa Kimethodisti walikuwa Golbanti katika miaka ya 1880, na ndiko John Houghton na mkewe Annie walikouawa mwaka 1886. Katika miaka hiyohiyo Wajerumani wa Misheni ya Neukirchen walijenga Ngao, na mmoja wao, Ferdinand Würtz, akatumia muda wake huku kukiandika Kipokomo na kutafsiri Maandiko. Wazee wa wazee wetu walijifunza tenzi kutoka kwa watu hao, kisha wakazitia sauti zao wenyewe. Maneno yaliandikwa, kwa hiyo tunayo. Namna walivyoyaimba haikuandikwa. Walivyovuta mwisho wa mstari, mahali besi walipoingia, mwendo walioutumia msibani na mwendo wa siku ya mavuno, vyote vilipita kutoka kinywa hadi sikio. Palipokosekana sikio, vilipotea.

Si kwamba mashine haikuwako duniani. Thomas Edison alikuwa amevumbua ya kwanza mwaka 1877. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alizunguka kusini mwa nchi ambayo leo ni Tanzania akinasa nyimbo za wenyeji kwenye silinda za nta, vitu laini ambavyo kila ukivicheza vinalika kidogo. Silinda hizo zimo katika mkusanyo wa Berlin ambao UNESCO iliuingiza kwenye orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1999, na zaidi ya miaka 100 baadaye sauti bado zinasikika kwa sababu kuna watu walioketi wakazinakili. Pwani yetu nayo ilisikika kwenye santuri mwaka 1928, Siti binti Saad alipotoka Zanzibar kwenda Bombay kurekodi. Nyimbo zake za taarabu si za kanisani, lakini safari ile ilionyesha kwamba sauti ya mwanamke wa pwani inaweza kukaa dukani ikauzwa kama sukari.

Sisi wa Tana tuna mfano wetu wenyewe, na kila Mkenya huuimba akiwa amesimama wima. Mwaka 1963, nchi ilipokuwa ikijiandaa kwa uhuru, wanamuziki watano walipewa kazi ya kutayarisha wimbo wa taifa: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Mchungaji Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Sauti waliyoichukua ni ya wimbo wa Wapokomo wa kumbembelezea mtoto, na Mzee Meza Galana ndiye anayetajwa kuwa aliutoa. Tunajivunia jambo hilo kila mwaka, na tuna haki. Lakini tuangalie pia jinsi wimbo ule ulivyopona. Ulipona kwa kuwa kuna mtu aliyeubeba kutoka mtoni hadi mahali penye karatasi na kinanda. Bembelezi nyingine za bibi zetu hazikupata mbebaji.

Mwaka huohuo wa 1963 yalitokea mambo mengine mawili ambayo hakuna mtu wa Garsen ambaye angeyahusisha na kwaya wakati ule. Katika maonyesho ya redio mjini Berlin, kampuni ya Philips ilitoa kaseti, utepe mwembamba ndani ya kijisanduku kinachoingia mfukoni. Na mjini Addis Ababa kikafunguliwa kituo cha Walutheri, Radio Voice of the Gospel, kilichorusha matangazo kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwa mojawapo. Vipindi vya Kiswahili vilitayarishwa Moshi, katika studio ya Sauti ya Injili, na huko zikanaswa kwaya za Tanzania. Kituo cha Addis kilitwaliwa na serikali ya Ethiopia mwaka 1977, lakini Moshi iliendelea. Ukiongeza na kwaya zilizosikika kwenye Sauti ya Kenya, utaona kwamba kwaya yetu ilizaliwa wakati ambapo masikio ya watu yalikwisha kuzoea kuletewa nyimbo kutoka mbali. Waasisi wetu waliimba tenzi za kitabuni, na papo hapo walikuwa wakiiga wenzao wa Moshi na Dodoma. Wengine watakataa kuliandika jambo hilo. Sisi hatuoni aibu. Kuiga ndiyo shule ya kwaya zote.

Kaseti ilipofika huku ilifika kama redio kaseti, ile yenye mpini, inayokula betri kubwa sita. Vijana wa simu hawatajua maana ya betri sita. Zilipochoka zilianikwa juani juu ya mabati, zikapata nguvu ya wimbo mmoja au miwili. Ili kuziokoa, kanda haikurudishwa nyuma kwa mashine. Ilitiwa kalamu ya Bic kwenye tundu la gurudumu ikazungushwa hewani kwa mkono, na kila kwaya ilikuwa na kijana mmoja hodari wa kazi hiyo. Kulikuwa na vimeno viwili vya plastiki kwenye ukingo wa kanda. Ukivivunja, hakuna awezaye kurekodi juu yake. Ukibandika karatasi pale palipovunjika, kanda inakubali tena. Historia nyingi za makanisa ya pwani zimefutwa kwa kijikaratasi hicho, kanda ya sikukuu ya zamani ikawa kanda ya mpira wa Jumamosi.

Wengi wetu hatukusoma solfa. Mwalimu wa kwaya alikuwa na daftari lake la do, re, mi, na wanakwaya wengine walikuwa na masikio. Kanda ndiyo ilikuwa ubao wetu. Redio iliwekwa katikati kwenye kigoda, soprano upande huu, alto kule, tena na besi nyuma, wimbo ukachezwa mara moja wote kimya. Kisha ukachezwa tena, kila sauti ikifuata njia yake. Besi walikuwa na taabu kuliko wote kwa kuwa spika ndogo haitoi sauti nzito. Ilibidi mmoja wao aweke sikio karibu kabisa, kisha awafundishe wenzake alichokipata. Ndiyo maana besi ya kwetu katika nyimbo kadhaa za Kitanzania si ile ya wenyewe. Ni ile aliyoisikia mtu mmoja kwenye spika ya inchi nne, na sasa imekuwa mila. Wageni kutoka Tanga waliwahi kutuuliza tumeitoa wapi.

Siku za kurekodi zetu wenyewe zilikuwa na taratibu zake. Redio kaseti ilisogezwa hatua kadhaa mbele ya kwaya, mtu mmoja akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, REC na PLAY, na kuinua mkono. Kuanzia hapo hakuna kukohoa. Hapakuwa na studio huku. Kulikuwa na kanisa la mabati, na nje kulikuwa na Garsen nzima: mbuzi, punda, lori linalobadilisha gia kuelekea Minjila, watoto wanaotoka shule. Mvua ikianza juu ya mabati, wimbo uliendelea, maana betri hazikuwa za kuchezea. Ukisikiliza kanda hizo leo unajua nani alisimama karibu na mashine. Kuna wimbo mzima ambao alto mmoja ndiye anayeuimba mbele na kwaya yote imekuwa wapambe wake.

Hizo ndizo kanda tulizo nazo. Nyingine zilitoka kwenye kabati la kanisa, nyingi zilitoka nyumbani kwa wanakwaya wa zamani na kwa wajane wao, zimefungwa kwenye mifuko ya nailoni, kwenye makopo ya maziwa, moja ndani ya soksi. Zile zilizoandikwa ubavuni ni chache. Moja imeandikwa “Kwaya, nzuri” basi.

Hali ya hewa ya Garsen si rafiki wa kanda. Utepe wa kaseti ni plastiki yenye upana usiofika milimita 4, imepakwa unga wa chuma ulio jamaa ya kutu, na unga huo umeshikwa na gundi. Kanda ya dakika 60 ina karibu mita 90 za utepe, ukitembea sentimita 4.76 kila sekunde. Joto na unyevu hulegeza gundi, na unga unabaki kwenye mashine badala ya kubaki kwenye utepe. Kuvu huota pembeni. Kile kipande kidogo cha sponji kinachousukuma utepe ugusane na kichwa cha mashine hubanduka, na kanda ambayo watu wamesema imekufa kumbe imepungukiwa na sponji tu. Kisha kuna maji. Wenye kanda zao kwenye vijiji vya chini wanakumbuka El Niño ya 1997 na 1998, mafuriko ya 2018, na yale ya mwisho wa 2023 yaliyotukata tena na barabara. Familia inayohama usiku kwa mtumbwi hubeba watoto, vyombo na mahindi. Hakuna anayerudi kuchukua kanda. Na katika mapigano ya 2012 na mwanzo wa 2013, nyumba za pande zote mbili zilipochomwa na watu zaidi ya 100 wakauawa, hakuna aliyehesabu kanda, wala haikupasa zihesabiwe wakati watu wanazikwa. Tunalitaja tu kwa kuwa pengo tulilo nalo katika mkusanyo linatokana na siku kama hizo.

Adui mwingine ni kutoweka kwa mashine. Mwaka 2019 UNESCO pamoja na IASA, chama cha kimataifa cha watunza kumbukumbu za sauti na picha, walianza kutahadharisha dunia kuhusu tepu za sumaku: kwamba kufikia mwaka 2025 hivi itakuwa vigumu kupata mashine nzima za kuzicheza na vipuri vyake. Walikuwa wanawafikiria zaidi wenye maghala makubwa ya redio na vyuo. Lakini nenda leo Malindi uulize redio kaseti mpya ya kuaminika, uone jibu utakalopewa. Utaonyeshwa sabufa yenye taa za rangi na tundu la flashi.

Hatusemi haya kwa kudharau vyombo vipya. Kinyume chake, tunavifurahia, na mwenye kusoma historia hii asidhani ni maombolezo. Redio ndogo ya memori kadi, ya ukubwa wa sabuni ya kipande, imefanya kwa uimbaji wa nyumbani kile ambacho redio kaseti haikuweza. Mama anaitundika kwenye mwembe akipalilia shamba. Mpanda bodaboda anaifunga mbele ya usukani. Mvuvi anaiweka ndani ya mfuko wa plastiki na kuimba nayo. Inachajiwa kwa sola ndogo ya juu ya paa, hakuna tena betri za kuanika. Mwanakwaya aliye kazini Nairobi au Mombasa hutumiwa sauti yake peke yake kwa simu, soprano bila wengine, akajifunza kwenye matatu, akaja Krismasi akiwa tayari. Kuna programu zinazopunguza mwendo wa wimbo bila kushusha sauti, na besi wetu wa sasa hawana udhuru waliokuwa nao baba zao.

Kilichowezesha hayo ni njia ya kuubana wimbo uchukue nafasi ndogo. Iliundwa Ujerumani, katika taasisi ya Fraunhofer mjini Erlangen, na jina lake, MP3, likachaguliwa mwaka 1995. Karlheinz Brandenburg, mmoja wa walioiunda, aliijaribu kwa wimbo “Tom's Diner” wa Suzanne Vega, ambao ni sauti ya mwanamke mmoja bila ala. Mwanzoni matokeo yalikuwa mabaya sana. Ngoma na magitaa yalikuwa yanabanika bila taabu, lakini sauti tupu ya mwanadamu ilifichua kila kasoro, na ilibidi wairekebishe kazi yao mpaka sauti ile ikae sawa. Tuliposoma habari hiyo tulicheka, maana ndivyo mwalimu wetu alivyosema siku zote: kinanda kinaficha makosa, imba bila kinanda tuone.

Ni vizuri kila mwenye simu ajue mbanano huo unafanya nini. Wimbo uliohifadhiwa bila kubanwa, kwa ubora wa CD, unachukua takriban megabaiti 10 kwa dakika. Ukibanwa kwa MP3 ya kawaida unachukua kama 1. Kwa hiyo kadi ya gigabaiti 4 inabeba kanda za saa moja zaidi ya 60 zilizobanwa, au 6 tu zisizobanwa. Kilichotupwa ni vile ambavyo sikio halivikamati kwa urahisi, na kwa kusikiliza jikoni hutakikosa. Lakini kikishatupwa hakirudi. Ukibana sana, soprano za juu zinaanza kutoa mlio kama zinaimbia ndani ya maji. Kwa hiyo uamuzi wetu ni kwamba kila kanda inahamishwa kwanza bila kubanwa, hiyo ndiyo akiba, halafu MP3 inatolewa kwenye akiba hiyo kwa ajili ya watu kufurahia. Mtu akipoteza kadi yake amepoteza kivuli. Kitu chenyewe kipo.

Kazi yenyewe haiharakishwi. Kanda ya dakika 60 inachukua dakika 60, na zaidi. Kwanza kanda inafunguliwa kuangaliwa. Yenye skrubu ni rahisi, iliyogundishwa inapasuliwa kwa uangalifu na utepe kuhamishwa kwenye kijisanduku kingine. Utepe uliokatika unaungwa kwa gundi ya utepe maalumu, si ile ya daftari, ambayo huyeyuka kwa joto letu na kuchafua kila kitu. Kichwa cha mashine kinasafishwa kwa pamba na spiriti kila baada ya kanda, na pamba hutoka ikiwa kahawia. Kahawia ile ni nyimbo. Baada ya hapo waya unatoka kwenye tundu la hedifoni la redio kaseti kuingia kwenye kompyuta. Tunawasihi wale wanaocheza kanda kwenye spika na kushikilia simu karibu waache, maana wanarekodi na kuku wa leo juu ya mbuzi wa zamani. Programu tunayotumia ni Audacity, ambayo imekuwa ikitolewa bure tangu mwaka 2000.

Mambo mawili yametufundisha uvumilivu. La kwanza ni kijiskrubu kilicho kando ya kichwa cha mashine. Kanda ikirekodiwa kwa mashine ambayo kichwa chake kimeinama kidogo, mashine nyingine iliyonyooka inaisoma kama imefunikwa blanketi. Ukikigeuza kijiskrubu hicho taratibu, robo ya robo ya mzunguko, ghafla herufi “s” zinatokea, kayamba inatokea, kanisa linafunguka. Tuna kanda tuliyokuwa tumeiweka kando na watu tayari wamesema haina kitu.

La pili ni mwendo. Kwa muda mrefu tulikuwa na sifa ya ajabu kuhusu soprano wa miaka ya 1980, kwamba walifika juu ambako wa leo hawafiki. Kanda zilikuwa ushahidi. Kumbe ukweli uko kwenye betri. Betri zilipochoka siku ya kurekodi, utepe ulitembea polepole. Ukicheza utepe huo leo kwa mashine yenye umeme kamili, unakwenda mbio kuliko ulivyorekodiwa, na sauti zote zinapanda. Mama zetu waliimba vizuri, hatuwavui taji, lakini hawakuimba kama ndege. Kurekebisha mwendo kwenye kompyuta ni rahisi ukijua sauti ya kweli ilikuwa ipi, na palipoimbwa bila ala hakuna cha kupimia. Tulimwendea mmoja wa walimu wetu wa zamani, sasa ni mzee wa miaka mingi, tukamuuliza wimbo fulani aliuanzishaje. Hakueleza. Alitazama chini kidogo, akatoa do yake, pale pale alipokuwa akiitoa siku zote, na vijana waliokuwa na simu wakaipima. Tumezirekebisha kanda tatu kwa do hiyo moja. Hilo halipatikani kwenye programu yoyote, na halitangoja.

Kwa sababu hiyohiyo tulianza vikao vya kusikiliza. Jumapili alasiri, baada ya mazoezi, wanakwaya wa zamani wanakaribishwa kuketi na kusikia, na kijana mmoja anaandika. Kina mama wa sauti ya pili ndio mahodari. Wimbo haujafika ubeti wa pili wameshataja majina sita, nani mke wa nani, nani alihamia Hola, nani alikuwa mja mzito siku ile. Mara nyingine inakuja sauti na chumba kinanyamaza, kwa kuwa mwenyewe amelala kwenye makaburi ya nyuma ya kanisa. Mama mmoja alimsikia dadake akianzisha pambio. Alitusihi tusisimamishe, na pambio ilipokwisha akaomba irudiwe, akaimba naye sauti ya pili, kama walivyokuwa wakifanya. Mwanawe dada huyo alikuwa hapo. Hakuwa amewahi kumsikia mama yake, maana alimwacha akiwa mchanga. Ameondoka na kadi.

Hapa ndipo penye mzozo kati yetu, na tunauandika kwa kuwa bado haujaisha. Programu inaweza kuondoa kelele: mvumo wa utepe, mvua, mbuzi, hata kikohozi. Baadhi ya vijana wanataka nyimbo zisafishwe zote ziwe kama za studio, ndipo wenzao wazisikilize. Wana hoja. Lakini kwa maoni ya sisi tulioandika hapa, mvumo upunguzwe kwa nakala za kusikiliza, na akiba ibaki kama ilivyonaswa. Lori lile la Minjila nalo ni la Garsen. Tena ukisafisha kwa nguvu, mashine haitofautishi mvumo wa utepe na pumzi ya mwimbaji, inaondoa vyote viwili, na kwaya inabaki ikiimba bila kuvuta hewa.

Jambo jingine la kujihadhari nalo ni haki. Kwenye vibanda vya mjini mtu anaweza kujaziwa nyimbo za kwaya 20 kwenye kadi kwa bei ya chai na mahamri, na waliozitunga hawaoni kitu. Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, rekodi inalindwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa, na utungo unalindwa uhai wote wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hiyo kanda zetu za kwanza kabisa zinakaribia kuwa huru, lakini nyimbo zilizomo bado ni mali ya waliotunga na watoto wao. Nyimbo zetu wenyewe, hasa zile za Kipokomo ambazo hazimo kwenye kitabu chochote, hazitapelekwa vibandani mpaka familia za watunzi zikubali. Za Tanzania tulizozirekodi tukijifunza hatutazigawa. Wenyewe wapo, na kanda zao zinauzwa.

Akiba inakaa mahali patatu. Diski moja iko ofisini mwa kanisa, nyingine iko kwa mwanakwaya anayeishi Mombasa, mbali na mto huu, na ya tatu inahifadhiwa kwenye intaneti. Hakuna kilicho salama kikiwa kimoja, na diski nazo hufa, pengine kwa ghafla kuliko kanda. Kanda iliyoharibika inakupa nusu wimbo. Diski iliyoharibika haikupi kitu. Kila mwaka zinafunguliwa na kukaguliwa, na kila faili lina jina lenye mwaka, mahali, mwanzishaji na lugha. “Kwaya, nzuri” sasa ina majina 14.

Siku ya jubilei, baada ya ibada, kutakuwa na meza chini ya hema la kina mama. Njooni na flashi, memori kadi au simu mpate nyimbo 30 zilizochaguliwa, hazilipiwi. Mwenye kanda nyumbani, hata ikiwa imekatika au imelowa, aje nayo bila kujaribu kuicheza kwanza. Itaandikishwa kwa jina lake, itanakiliwa, na atarudishiwa pamoja na nakala. Mashine ya kusikilizia itakuwa hapo pia, maana tuna kanda moja yenye wimbo wa Kipokomo kuhusu kuvuka mto, umeanzishwa na besi ambaye hakuna kikao kilichomtambua. Kabla hajaanza anamwambia mtu asogee. Aliye na umri wa kumjua tunamwomba aketi asikilize.